ASKARI WA MWILI WANAPOASI

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tuliozoea kumtazama adui aliye mbele hatuna budi kuutafakari usemi huo, kwani yako maradhi ambayo askari wa mwili huasi na kuwashambulia wale waliopaswa kuwalinda.

Mojawapo ni nyuromielitisi optika, maradhi ya nadra yaliyoelezwa mwaka 1894 na Eugène Devic, daktari wa Lyon, Ufaransa. Mshipa wa fahamu hufanana na waya wa simu: una ganda linaloulinda na kuharakisha habari. Ganda hilo likiharibiwa, amri ya ubongo haifiki. Macho hupoteza nuru, miguu hulegea, mkojo huzuilika. Wengine hushikwa na kwikwi na kutapika kwa siku nyingi. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kuitambua katika damu kingamwili inayohusika na uasi huo. Wanawake ndio wanaoshambuliwa zaidi.

Pengine waasi hufungua uwanja wa pili katika tezi ya shingo. Tezi ikidhoofika, mtu huchoka na kuhisi baridi. Ikizidisha kazi, moyo huenda mbio na mwili hukonda. Hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa ajulikanaye kuwa na tezi akilalamikia udhaifu wa miguu, huambiwa ni tezi ile ile, na siku zikapotea. Dawa ya tezi haiuokoi mshipa wa jicho.

Tutazame Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, makazi yaliyowapokea wakimbizi tangu miaka ya 1950. Pale Base Camp, askari wa zamu akimwona mama anayepepesuka na kupapasa ukuta mchana kweupe, ni rahisi kusema amelewa au amerogwa. Ulizo moja latosha: "Mama, macho yalianza lini?" Likijibiwa "juzi", safari ni ya zahanati, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya Mbarara, siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ina sababu. Dozi kubwa za steroidi zikitolewa mapema, huweza kuokoa macho na miguu; baadaye hufuata dawa za kuwatuliza waasi kwa miaka, kwa kuwa hurudi, na kila shambulio huweza kuacha kilema.

Ndugu askari, mlinzi hodari hatoi hukumu langoni. Huuliza, husikiliza, kisha hupeleka taarifa mapema.