Kapeti ya Ngazi Isimwangushe Mtoto

Leo tuzungumze juu ya ngazi za ndani ya nyumba. Mashamba yetu yamekuwa madogo na Gusii ni nchi ya vilima, kwa hivyo watu wanajenga kwenda juu, kuanzia Kisii mjini hadi Keroka na Nyamira. Wengine hutandika kapeti kwenye ngazi ili mtoto asiteleze. Ni wazo zuri, mradi kapeti isisogee. Iliyolegea ni hatari kuliko saruji tupu, maana huikanyagi kwa tahadhari.

Chagua kapeti nyembamba yenye nyuzi fupi zilizoshikana. Ile nene ya sebuleni huviringa ukingoni mwa kidato na kisigino kinakosa pa kushika. Ile ya plastiki inayouzwa kwa mita, iache chumbani. Ikilowa inateleza kama sabuni.

Kabla ya kubandika, ondoa polishi na vumbi, saruji ikauke kabisa. Afadhali kila kidato kikatiwe kipande chake, kipite juu ya ukingo na kushikizwa chini yake. Gundi ipakwe pote, si pembe nne tu. Kama ngazi ni za mbao, misumari midogo ipigiliwe kwenye kona ya ndani, vichwa visitokeze. Jihadharini na gundi hiyo: hushika moto upesi na harufu yake huleta kizunguzungu. Siku ya kazi fungua madirisha, zima jiko, na watoto wapelekwe kwa nyanya yao hadi harufu iishe.

Fundi akimaliza, usiharakishe kumlipa. Sukuma kila ukingo kwa kidole cha mguu, mbele na kando. Ukiona kapeti inajikunja hata kidogo, arudie. Baadaye uwe ukikagua, kwa kuwa ukingo ndio huchakaa kwanza. Uzi ukichomoka, ukate kwa makasi, usiuvute.

Ngazi za nje zisiwekwe kapeti. Kwa mvua zetu hizi itanyonya maji na kuota ukungu. Hizo fundi azikwaruze saruji ikiwa bado mbichi.

Sasa, msidhani kapeti ni godoro. Mtoto anayetambaa anahitaji kigeti juu na chini ya ngazi. Kile cha juu kifungwe kwa skrubu, kifungukie upande wa nyumba, na nafasi kati ya fito zisizidi sentimita 6. Kile kigari cha kumfundisha mtoto kutembea mimi sikipendi kabisa. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004, kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka nacho kwenye ngazi. Na wewe mama, usishuke na mtoto mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Rudi mara mbili, mkono mmoja uwe huru kushika reli.

Akianguka je? Wazee wetu walijua pigo la kichwa si mchezo. Ndiyo maana Abagusii walikuwa na omobari, mtaalamu wa kupasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu anayeumwa kichwa baada ya kuumia. Leo mpeleke mtoto hospitali. Nenda mara moja akiwa amezimia hata kwa muda mfupi, anatapika tena na tena, analala na ni vigumu kumwamsha, anapata degedege, anatokwa na damu au maji sikioni au puani, utosi umevimba, au mkono au mguu mmoja umelegea. Asiyetimiza mwaka mmoja apimwe hata kama anacheka. Usimkande kichwa. Ukishuku shingo imeumia, usimwinue wala kumkalisha. Mwite mtu akusaidie, kichwa na mwili vibaki vimenyooka mnapombeba. Asiye na dalili hizo, mwangalie kwa karibu mchana na usiku, kwa kuwa nyingine huchelewa hadi siku ya pili.