Kusoma Pakiti Usizoweza Kuzifungua

Simu iliita Jumatatu asubuhi, chai bado haijapoa. Alikuwa kijana mmoja fundi mtandao. Ofisi yao ipo Dar es Salaam, tawi lipo Mwanza, na kati ya ruta mbili wamepitisha handaki la WireGuard. "Kaka, VPN ipo hewani, pingi inapita vizuri kabisa, ila mfumo wa hesabu haufunguki. Unazunguka tu." Alikuwa ameshawasha Wireshark na kunasa trafiki, halafu akakata tamaa, kwa sababu kila mstari ulisema WireGuard na ndani yake mlikuwa na herufi za ovyo. "Kila kitu kimefichwa. Hakuna cha kusoma."

Nikamwomba aachane na yaliyomo, anisomee safu ya urefu peke yake.

Kichambuzi cha pakiti hakivunji kufuli. Tangu Gerald Combs alipokitoa mwaka 1998, wakati huo kikiitwa Ethereal (jina la Wireshark lilikuja 2006), kazi yake ni ileile: kunasa kila pakiti inayopita, kuichambua kwa kufuata kanuni za itifaki yake, na kukuwekea vipande vyake mezani. Pakiti iliyosimbwa utaiona ikiwa imesimbwa. Lakini usimbaji hufunika maneno tu. Haufuniki ukubwa wa pakiti, saa iliyopita, wala anwani za ruta mbili zinazoongea. Anayepokea mizigo stendi ya basi hajui ndani ya boksi mna nini, ila anajua lina kilo ngapi, limetoka wapi, na kama lililopakiwa jana limeshuka au halikushuka.

WireGuard ni rahisi kusoma kwa namna hii, maana aliyeibuni, Jason Donenfeld, aliipa aina nne tu za ujumbe. Ya kwanza ni ya kufungua mazungumzo, nami huiita hodi. Ya pili ni jibu lake, karibu. Ya tatu huonekana kwa nadra, pale seva inapoelemewa. Ya nne ndiyo mzigo wenyewe. Hodi ina baiti 148 na karibu ina 92, siku zote. Ongeza baiti 42 za vichwa vya Ethernet, IP na UDP, na Wireshark itakuonyesha 190 na 134. Pakiti tupu ya kuiweka njia wazi ni 74. Pingi ya kawaida kutoka Linux ni 170. Baada ya wiki moja ya kutazama namba hizi huhitaji tena kuambiwa kinachopita. Handaki lenye kazi hupiga hodi upya kila baada ya dakika mbili hivi, kwa hiyo jozi ya 190 na 134 ikijirudia usishtuke, ni funguo zinabadilishwa.

Kijana akasoma: 190, 134, 170, 170, 170. Hapo ni pingi. Nikamwambia mtu wa Mwanza afungue mfumo. Upande wa Dar zikatoka 1494, nyingine 1494, nyingine tena. Upande wa Mwanza, ambako mwenzake naye alikuwa ananasa, haikuonekana 1494 hata moja.

Tuliihakikisha kwa kitu ambacho wengi hawakioni. Kila pakiti ya mzigo ya WireGuard hubeba namba ya mfuatano nje ya usimbaji, kwa sababu mpokeaji anaihitaji ili aweze kusimbua. Dar ilituma ya 311, 312, 313 na 314. Mwanza ikapokea 311 na 314. Mbili zilizopotea ndizo zilizokuwa nene.

Hesabu yake ni hii. WireGuard kwa kawaida huruhusu pakiti ya ndani hadi baiti 1420. Juu yake huongeza 32 zake, 8 za UDP na 20 za IP, jumla 1480. Kwenye nyaya za kawaida zinazopitisha 1500 hakuna tatizo. Mwanza walikuwa wanatumia modemu ya laini ya simu, na mahali fulani njiani uchochoro ulikuwa mwembamba kuliko 1480. Pakiti nene zikawa zinakatwa vipande, na vipande havifiki. Pingi ni nyembamba, inapenya. Ukurasa wa mfumo wa hesabu ni mnene, unakwama. Tukashusha kipimo cha handaki hadi 1360 pande zote mbili. Mfumo ukafunguka, na hatukuwa tumesimbua hata baiti moja.

Ndiyo maana anayeniuliza jinsi ya kufungua trafiki ya handaki mimi humuuliza kwanza anatafuta nini. Wengi hawahitaji kuifungua. Na wanaohitaji, mara nyingi wanamiliki ncha mojawapo ya handaki, wakasahau kwamba kwenye ruta yao kuna milango miwili ya kusikilizia. Ukinasa kwenye kadi inayotazama intaneti, utaona pakiti zimeshafungwa. Ukinasa kwenye kiolesura cha handaki chenyewe, kwa kawaida wg0, utaona zilezile kabla hazijafungwa au baada ya kufunguliwa. Nimewahi kukaa nusu siku nikihangaika na funguo, kisha nikakumbuka wg0. Sikumwambia mtu.

Zipo nyakati ambapo kilichopo mkononi ni faili lililonaswa nje tu. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2019, Wireshark inaweza kusimbua WireGuard ikipewa funguo. Tatizo ni funguo zipi. Kila hodi huzaa funguo za muda, zikatumika dakika chache, zikafutwa. Ufunguo wa kudumu ulioandikwa kwenye faili la mipangilio haufungui mzigo wa jana. Inabidi uuchukue ufunguo wa muda kwenye kumbukumbu ya ncha mojawapo ungali hai, na faili lako liwe na hodi iliyouzaa. Mwizi akibeba ruta yako leo, trafiki aliyoinasa mwezi uliopita inabaki takataka kwake. TLS 1.3 nayo iko hivyo, ila huko vivinjari kama Firefox na Chrome hukubali kuandika funguo za kikao kwenye faili ukiviwekea kigezo kiitwacho SSLKEYLOGFILE. Kwenye mtandao usio wako, pata ruhusa ya maandishi kabla hujanasa chochote. Sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zinaadhibu kunasa mawasiliano bila idhini.

Uzito wa boksi huweza kusema mengi kuliko wauzaji wa VPN wanavyokiri. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba nafasi za muda kati ya pakiti za SSH hufichua dondoo za nenosiri linalochapwa, kwa kuwa vidole havikawii sawa kati ya herufi na herufi. Mwaka 2008 wengine wa Johns Hopkins walitambua vifungu vya maneno ndani ya simu za intaneti zilizosimbwa, wakitumia urefu wa pakiti tu. WireGuard hujaziliza mzigo ufikie kigawe cha 16, hivyo pingi ya baiti 84 inakuwa 96. Ni shuka jepesi, umbo bado linaonekana.

Ufunguo wa kudumu, hata hivyo, unafungua kitu kimoja: hodi yenyewe. Kwenye ofisi nyingine, umeme ulikatika usiku, uliporudi handaki halikuinuka. Ruta ya tawini ilipiga hodi kila baada ya sekunde tano na ushee, 190, 190, 190. Tuliziona zikifika makao makuu, lakini hazikujibiwa. WireGuard isiyokukubali haisemi hata "hatumo". Tukaipa Wireshark ufunguo wa siri wa upande unaopigiwa hodi. Jina la mpigaji lilikuwa sahihi. Saa iliyoandikwa ndani ya hodi ilikuwa ya miezi kadhaa nyuma.

Ruta ile ndogo haina betri ya saa. Umeme ukikatika hurudi tarehe ya zamani, na WireGuard hukataa hodi yoyote ambayo saa yake haijaipita ya mwisho iliyopokelewa, isije ikawa mtu anarudia hodi ya zamani aliyoinasa. Na seva ya kuisahihishia saa walikuwa wameiweka makao makuu, ng'ambo ya handaki. Saa ilisubiri handaki, handaki likasubiri saa. Tukaielekeza ruta ichukue saa moja kwa moja kwenye intaneti, tukaizima, tukaiwasha. 190. 134.