Je, Wajua? Oili ya Gari la Turbo, Kutoka Buterere Hadi Bugarama

Je, wajua kwamba kazi ya kuchagua oili imeshafanywa na kiwanda? Namba imo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi hata juu ya kifuniko cha kumiminia oili. Gari likiwa limetoka Japani na kitabu husomi, usihofu: 0W-20 au 5W-30 huandikwa hivyohivyo.

Je, wajua kwamba namba iliyo mbele ya W ni ya baridi? Oili ya 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, baridi isiyofika Buterere. Hata hivyo namba ndogo ina faida hapa pia: ukiwasha asubuhi, oili huiwahi turbo.

Je, wajua kwamba namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100? Kwa hiyo hoja ya "Bujumbura kuna joto, tia nzito" haitoshi. Injini ikishapata moto, thamostati ndiyo inayotawala joto lake. Oili nzito kuliko ilivyoagizwa hupita kwa shida kwenye njia nyembamba na kula petroli.

Je, wajua kwamba turbo ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika? Kutoka uwanda wa Buterere, chini ya mita 800, barabara ya taifa namba 1 hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Mlima huo unataka oili ya sintetiki. Ukisimama juu kununua mboga, iache injini ingurume dakika moja kabla ya kuizima, oili isiungulie ndani ya turbo.

Je, wajua kwamba herufi za kiwango cha API kwenye dumu la oili zina umri? S ni ya petroli, na herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi, kiwango ni kipya zaidi. SP ya mwaka 2020 huzikinga injini ndogo za turbo dhidi ya mlipuko wa mapema unaoweza kuvunja pistoni. SQ ilifuata 2025.

Je, wajua kwamba Toyota, huko kwao Japani, huagiza oili ya turbo za petroli imwagwe kila kilomita 5,000 au miezi 6? Kwa vumbi na safari fupifupi, nusu ya hapo. Kusogea kidogo kidogo kwenye foleni ya mafuta huichosha oili bila kuongeza kilomita.

Je, wajua kwamba oili nyeusi si lazima iwe imekufa? Huenda imebeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Hesabu kilomita na miezi, si rangi.

Je, wajua kwamba Bujumbura hunywa maji ya Ziwa Tanganyika? Oili chafu ikimwagwa mtaroni, mvua huisukuma huko. Irudishe kwenye dumu, ifunge, uipeleke garaji inayoikusanya.