Ekari 4,197, zikabaki 288

Chukua kaya moja ya Kakese, Manispaa ya Mpanda, yenye ekari 3 za majaruba. Si kaya tajiri, wala haijafikia kuomba unga kwa jirani. Mwaka wa mvua nzuri mpunga wake unalisha nyumba na kubakiza magunia ya kuuza. Sasa zikusanye kaya kama hiyo 1,399 na uunganishe mashamba yao. Utapata ekari 4,197, karibu kilomita za mraba 17. Ndio ukubwa wa ardhi ambayo mwaka 1918 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliitangaza rasmi kuwa hifadhi ya jeshi kando ya Nairobi, wakiishi humo askari wake waliomaliza utumishi pamoja na wake na watoto wao. Mahali penyewe ni Kibera.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi wajukuu na vitukuu wa askari hao, yaani Wanubi wa Kenya, hati miliki. Ilikuwa ya ekari 288. Kwa kipimo cha Kakese hizo ni kaya 96. Mashamba ya kaya nyingine 1,303 yameshachukuliwa.

Tunapozungumzia gharama ya kumbukumbu ya vita, kwa kawaida tunauliza mawe ni kiasi gani, fundi analipwa nini, na nani atakata utepe. Hayo ni matumizi madogo. Gharama kubwa ni ardhi aliyoahidiwa aliyerudi hai, na hapo ndipo wenye dola wamezoea kubana mkono. Kibera inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko sanamu yoyote ninayoijua.

Majeshi mawili ya kikoloni ya Afrika Mashariki yalianza kwa namna zinazofanana mno. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alileta katika pwani yetu Wasudani wapatao 600 aliowaajiri Misri, wapigane kwa niaba ya Wajerumani. Miaka 2 baadaye Frederick Lugard, upande wa Waingereza, aliwafuata karibu na Ziwa Albert Wasudani waliobaki baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka. Hao nao walikuwa askari wapatao 600, ila waliongozana na wake, watoto, watumwa na wafuasi, jumla zaidi ya watu 8,000. Lugard alidhani anachukua kikosi, kumbe anahamisha mji mzima. Kutoka kwao na wenzao likapatikana shina la kikosi cha KAR (King's African Rifles), kilichoundwa rasmi 1902, na kutoka huko wakapatikana wakazi wa kwanza wa Kibera, ambao wenyewe hupaita Kibra.

Mstaafu alipewa kibali cha kujenga na kulima. Hakupewa hati. Hesabu zote zinazofuata zimejengwa juu ya tofauti ya karatasi hizo mbili. Alilima mahindi, alifuga, alijenga msikiti. Wake wa Kinubi walitengeneza pombe kali iliyowaudhi maofisa wa Nairobi na kuwaletea wenyewe fedha ambayo pensheni haikuileta. Kibali hakikumruhusu kuuza shamba, na serikali ilibaki na uwezo wa kumwambia aondoke.

Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918. KAR ilianza ikiwa na askari wapatao 2,400. Ilipomaliza, Novemba 1918, ilikuwa na zaidi ya 35,000, karibu mara 15. Hata hivyo askari walikuwa sehemu ndogo ya watu waliohusika. Upande wa Waingereza inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao milioni moja waliandikishwa, wengi wao kwa nguvu. Ukitaka kuipima namba hiyo, sensa ya 2022 ilihesabu katika mkoa mzima wa Katavi watu 1,152,958, pamoja na vichanga na vikongwe.

Kwa nini walihitajika wengi hivyo? Msomaji wa Katavi hahitaji kuelezwa habari za ndorobo. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu, magari yalikuwa machache, na reli ilipoishia ndipo kichwa cha mtu kilipoanza kubeba. Tufanye hesabu ya mfano. Mpagazi anabeba kilo 25 za chakula na anakula kilo 1 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula kilo 20, kwa hiyo anawafikishia askari kilo 5 tu. Kikosi cha askari 100 wanaokula kilo 100 kwa siku kitahitaji wapagazi 20 wanaofika kila siku, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, unahitaji wapagazi 400. Hapo hujabeba risasi hata moja, hema, wala dawa. Ongeza safari iwe siku 12 kwa upande mmoja: mpagazi anakula kilo 24 na kufikisha kilo 1. Siku ya kumi na tatu hesabu inakufa, na kilichofanyika porini ni kwamba posho ya mpagazi ilipunguzwa ili hesabu isife. Akafa yeye.

Takwimu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wapatao 45,000 kati yao wakitoka Kenya. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mshahara wa mpagazi wa Kenya, baada ya kupunguzwa, ulikuwa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha rupia 6. Wakati huo rupia 15 zilikuwa pauni 1. Kwa hiyo aliyekufa baada ya kutimiza miezi 3 alikuwa ameligharimu jeshi, kwa mshahara, pauni 1 kamili. Tukisema kwa mfano kwamba wote 45,000 walikufa wakiwa wanadai miezi hiyo 3 tu, deni lote lingekuwa pauni 45,000. Wengi walikufa bila jamaa zao kupata hata hizo. Fedha za waliokufa zilibaki kwenye vitabu, zikajadiliwa na maofisa kwa miaka mingi baada ya vita, na familia hazikuzipata.

Upande wa pili haukuwa na ukarimu zaidi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Rukwa, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Walipelekwa kwa meli juu ya Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakipita mbele ya mwambao ambao leo ni wa Katavi, na askari wakazuiliwa Tabora. Malimbikizo ya mishahara yao yalisubiri hadi 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wachache sana wakiwa na cheti, na ofisa wa benki akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani wapige gwaride. Hakuna aliyekosea. Miaka 46 ya kusubiri, na uthibitisho ukawa ufagio!

Sanamu zenyewe zilikuja upesi kuliko fedha. Dar es Salaam ilipata yake 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson: askari mmoja wa shaba, bunduki mkononi, mahali ambapo kabla ya 1916 alisimama von Wissmann. Nairobi ilipata yake 1928, ikiwa na watu watatu, na humo mpagazi naye ana umbo lake. Mombasa nayo ikapata. Ukilinganisha na hesabu ya waliokufa, ile ya Dar es Salaam inashangaza. Wapagazi waliowazidi askari kwa mbali wanatajwa katika maandishi ya chini, na aliyechongwa ni mwenye bunduki. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Wapagazi walipata jina la mtaa. Kambi yao ya Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916, ndiyo iliyozaa Kariakoo, kama ile ya Nairobi ilivyozaa Kariokor. Ni kumbukumbu isiyo na jiwe, na sijui nyingine inayotamkwa na watu wengi zaidi kwa siku. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, serikali ilitenga takribani shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya. Zilitoka haraka kwa sababu mtaa ule unafanya biashara.

Turudi Nairobi, mwaka uleule wa 1928. Wakati sanamu ya watu watatu inasimamishwa mjini, jeshi lilikuwa linakabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia. Katika mwaka mmoja mkongwe wa vita alipata shaba katikati ya mji na akapoteza mlinzi wa shamba lake. Tangu hapo wakazi wa Kibera wakahesabiwa kuwa watu wanaokalia ardhi ya serikali. Tume ya Carter, iliyochunguza masuala ya ardhi ya Kenya kuanzia 1932, ilisema Wanubi ni wapangaji wanaoishi kwa hiari ya serikali, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao. Mipango ya kuwahamisha ilitungwa mara kadhaa na kukwama, sababu mojawapo ikiwa gharama: kumwondoa mtu kunadai kumlipa, na kumlipa ni kukubali kwamba alikuwa na kitu.

Njia ya bei nafuu ilikuwa kuimega ardhi polepole. Mji ulikua ukaifuata. Baada ya uhuru mitaa ya nyumba za kisasa ilipandishwa juu ya mashamba ya zamani, kama Ayany, Olympic na Fort Jesus, na pembeni vibanda vya wahamiaji kutoka kila kona ya Kenya vikabanana hadi Kibera ikajulikana duniani kwa ufukara. Majina ya vijiji vya ndani kama Makina, Laini Saba na Lindi yalibaki. Hilo la mwisho ni jina pia la mji wetu wa kusini, ambako vikosi vya KAR vilipigana 1917.

Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu Wanubi 15,463. Si wote wanaoishi Kibera, lakini tuwagawie wote kwa ajili ya kipimo. Kwa ekari 4,197 kila mmoja angepata zaidi kidogo ya robo ekari. Kwa ekari 288 anapata mita za mraba 75, mfano wa uwanja wa mita 8 kwa 9 na ziada kidogo. Asilimia iliyobaki haifiki 7. Na hata kuhesabiwa kwenyewe kulipiganiwa. Vijana wa Kinubi waliotafuta vitambulisho walihojiwa na kamati za uhakiki ambazo Wakenya wengine wengi hawakuzijua. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowapa uraia tangu kuzaliwa. Mtu ambaye uraia wake unatiliwa shaka atadai vipi shamba la babu yake? Ndiyo maana hati ya 2017, pamoja na uchache wa ekari zake, ni kubwa kuliko kibali chochote kilichoitangulia: imetolewa kwa jamii nzima, na hakuna mmoja anayeweza kuiuza peke yake.

Upande wa majina nako kuna hesabu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Idadi hiyo ya juu ni kama watu 3 kati ya kila 10 wa Katavi ya leo. Januari 2025 mjini Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya wafanyakazi wa vikosi vya kazi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700, kila mmoja akiwa na nguzo yake ya mvule na jina lake juu yake.

Tuichukue nguzo hiyo kama kipimo. Kila mpagazi kati ya wale 95,000 wa takwimu rasmi apewe nguzo ya mvule na mita 1 ya mraba ya kusimama. Zinahitajika mita za mraba 95,000, yaani ekari 23 na nusu. Mashamba 8 ya Kakese yanatosha na eneo kidogo linabaki. Ukitaka kuziweka Kibera, zingechukua sehemu 1 kati ya 12 ya zile ekari 288.

Kwa hiyo ardhi ya majina ipo na ni kidogo. Kilicho adimu ni majina yenyewe. Mpagazi aliandikwa kwa namba, kwa jina la jumbe wake, au kwa jina alilobuniwa na karani aliyechoka. Utafutaji unaendelea nchini Kenya na kwingineko katika makaratasi ya wilaya na vitabu vya mishahara. Kwa upande wa Katavi pa kuanzia pangekuwa Karema, kando ya ziwa, ambako Mapadri Weupe wamekuwa na misheni tangu 1885. Misheni kama hizo ziliandika waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa. Kijana aliyebatizwa kabla ya 1914, ambaye baada ya 1918 haonekani tena katika ndoa wala katika maziko, ni mtu wa kuulizia.