Usiachie klachi kwa pupa

Neno la leo linatoka kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, mstari wa 13 na wa 14. Nitalifikia kwa njia ya mzunguko kidogo, kwa kupitia gari dogo la watu wawili lililonifundisha jambo ambalo miaka mingi ya kukaa kanisani haikunifundisha.

Kaka yangu alipenda magari. Alipolala katika Bwana aliacha mke, watoto wawili, kihamba chenye migomba na kahawa, na gari moja jekundu aina ya Mazda MX-5. Huenda hujawahi kuliona. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na kule Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Lina paa la kukunja, taa za mbele zinazoinuka kama macho ya chura, injini ya lita 1.6 na gia 5 za kubadili kwa mkono. Uzito wake haufiki tani moja. Waliolibuni walitaka dereva na gari wawe kitu kimoja, kama farasi na mpandaji wake. Majirani zetu kule Kilimanjaro hawakujali hayo. Walikuwa wakicheka na kuuliza, "Hili nalo ni gari gani, lisiloweza kubeba hata mikungu mitatu ya ndizi?"

Baada ya msiba, ukoo ulinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, na mahakama ikaniteua. Kama umewahi kushika kazi hiyo unajua kwamba msimamizi si mrithi. Anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni, anawagawia wenye haki kinachobaki, kisha anatoa hesabu. Vitu vingine niligawa vizuri. Gari sikuligawa, ingawa warithi wote walikubaliana liende kwa kijana wa marehemu. Nilisema, "Bado mdogo huyu, atajiua nalo." Alikuwa na miaka 21 na leseni mfukoni, na baba yake ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwa gari hilohilo. Funguo nikazifungia kabatini kwangu.

Ilipita miaka miwili. Kijana akaacha kuja nyumbani. Tukikutana kanisani alisema, "Shikamoo, baba mdogo," nikaitikia, akapita. Watu wakiniuliza, nilijibu kwamba namlinda. Leo nakuambia ukweli, msomaji wangu: nilipenda zile funguo ziwe kwangu. Nilipenda kuwa mtu wa kuombwa.

Kisha fundi aliyetuhifadhia gari pale Moshi akasema anahitaji nafasi yake. Nikaenda kulichukua, nikakaa kwenye usukani, nikashindwa. Miaka yote nimeendesha gari la otomatiki. Nilipomwambia mke wa marehemu kwamba natafuta dereva, alinitazama, akasema, "Shemeji, anayejua kuliendesha unamfahamu."

Nilimpigia simu kijana. Nilidhani atakataa. Jumamosi asubuhi alikuja.

Gari lile lina viti viwili tu. Hakuna siti ya nyuma ya kumweka mtu wa tatu apunguze makali. Tulikaa bega kwa bega, karibu kabisa na ardhi, katika uwanja mtupu, mimi mwanafunzi na yeye mwalimu. Nilikanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia mguu. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikawasha, likazima tena. Siku hiyo lilizima mara 11, na kila mara nililaumu gari.

Kijana alinieleza kwa utaratibu, bila kunicheka. "Baba mdogo, injini inazunguka, kama mara 800 kwa dakika hata ukiwa hujakanyaga mafuta. Magurudumu yamesimama. Klachi ndiyo inayowakutanisha. Ukikanyaga, unawatenganisha. Ukiachia ghafla, unamlazimisha anayekimbia na aliyesimama wawe sawa kwa mara moja, na hapo injini inakufa. Achia polepole mpaka usikie sauti ya injini inashuka na gari linataka kusogea. Hapo tulia. Ongeza mafuta kidogo. Waache wakutane wenyewe."

Jumamosi ya tatu tulipanda barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu. Katikati ya mlima ilibidi nisimame, na nilipotaka kuondoka gari likazima, likaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na Hiace iliyojaa abiria, honi juu ya honi. Nilisahau kila kitu. Mkono wa kijana ukavuta breki ya mkono, gari likasimama.

"Usimsikilize aliye nyuma, baba mdogo. Sikiliza injini yako. Klachi chini, washa, gia ya kwanza. Pandisha klachi taratibu. Umeisikia? Mafuta kidogo. Sasa nashusha breki."

Tukaondoka. Mbele kidogo niliegesha kivulini nikiwa natetemeka mikono. Nikamuuliza, "Kwa nini ulikubali kunifundisha?" Nilitarajia neno la upendo. Alitazama barabara, akasema, "Kwa sababu gari likikaa bila kuendeshwa linaharibika. Miaka miwili ni mingi."

Nikamwomba radhi palepale. Nilimwambia gari ni lake na nilijua hivyo tangu mwanzo. Hakunijibu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Tushuke, baba mdogo. Weka gia ya pili. Usishuke frii, breki peke yake haitakutosha."

Ndugu msomaji, sasa tufungue Mwanzo 33. Yakobo alikuwa amemdhulumu kaka yake Esau baraka ya baba yao, akakimbia, akakaa ugenini kwa Labani miaka 20. Anarudi akiwa anachechemea, maana usiku amepigana mweleka mpaka alfajiri. Esau anakuja na watu 400. Yakobo anaogopa kifo, lakini Esau anamkimbilia, anamkumbatia, wote wawili wanalia. Mahubiri mengi huishia hapo, kwenye machozi.

Endelea kusoma. Esau, kwa furaha yake, anataka waondoke pamoja mara moja. Yakobo anamwambia kwamba watoto bado ni wachanga, na katika kundi wamo wanyama wanaonyonyesha, nao wakiharakishwa hata kwa siku moja watakufa. Anamwomba Esau atangulie, naye atafuata polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto.

Wapo wanaosema Yakobo alikuwa anakwepa tu, kwa sababu hakumfuata Esau mpaka Seiri kama alivyosema. Alikwenda Sukothi, akajenga. Huenda bado aliogopa. Biblia haifichi hilo. Hata hivyo, mambo mawili yanabaki. La kwanza, kabla ya kuomba mwendo wa polepole, Yakobo alimsihi kaka yake mpaka akapokea mifugo aliyomletea. Aliyechukua alianza kwa kutoa. La pili, katika sura ya 35, Isaka anapokufa, waliomzika ni Esau na Yakobo, wote wawili. Upatanisho ule haukuwafanya wakae nyumba moja, lakini uliwafikisha pamoja kwenye kaburi la baba yao.

Hapa ndipo tunapokosea wengi wetu. Tunatenda kosa kwa miaka, kisha siku moja tunasema "samahani" na kuachia mguu ghafla. Tunataka tuliyemuumiza acheke siku hiyohiyo, aje nyumbani, ale chakula, atuite baba kama zamani. Asipofanya hivyo tunamwita mwenye moyo mgumu. Tunamkumbusha kwamba Bwana alisema tusamehe. Ni kweli alisema. Lakini aliyekosa hana haki ya kutumia amri hiyo kama honi ya Hiace nyuma ya mtu aliyekwama mlimani. Moyo wako wa toba unazunguka kwa kasi, wa mwenzako ulisimama zamani. Mpe nafasi ausogeze.

Lakini polepole si kisingizio cha kutofanya kitu. Kijana alinionya pia juu ya kosa la pili: dereva anayeegemeza mguu kwenye klachi kila wakati, hakanyagi wala haachii. Gari linatembea, lakini diski inasuguana mpaka inaungua, na harufu yake utaisikia. Familia nyingi zinaishi hivyo. Hawajagombana wazi, hawajapatana. Mirathi haijagawanywa, deni halijalipwa, kila mtu anasema "tutaongea". Kama umeshika cha mwenzako, hapo usiende polepole. Katika Luka 19, Zakayo hakungoja mpaka watu wampende. Alisimama akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mali irudishwe haraka. Moyo upewe muda.

Nami nililazimika kutii. Jumatatu iliyofuata nilikwenda na kijana TRA kuanza taratibu za kubadili umiliki wa gari, na funguo zote mbili nikamkabidhi mbele ya mama yake. Alisema, "Asante, baba mdogo." Hakusema zaidi.

Ningependa kukuambia kwamba siku hizi mambo ni kama zamani. Hapana. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, anakunywa chai, anakaa robo saa, anaaga. Mwezi uliopita alikaa mpaka chakula cha mchana. Sikumwambia chochote, wala sikumuuliza atarudi lini. Nilimwongezea mchuzi.

Mpendwa, wiki hii jiulize: ni nani uliyemshikia kilicho chake? Inaweza kuwa shamba, inaweza kuwa mshahara wa msichana wa kazi, inaweza kuwa sifa ya mwenzako ofisini. Mrudishie. Kisha mwombe radhi bila kumwekea saa. Na kama wewe ndiye uliyeumizwa, na watu wanakupigia honi usamehe upesi, usiogope. Mungu yuko kiti cha pembeni, mkono wake kwenye breki, hatakuacha urudi nyuma. Lakini usizime injini ukakaa hapo milele. Gari likikaa bila kuendeshwa linaharibika, na moyo pia. Ukizima, washa tena. Mithali 24:16 inatukumbusha kwamba mwenye haki huanguka hata mara saba, naye huinuka.

Tuombe: Baba yetu wa mbinguni, utusamehe sisi tulioshika visivyo vyetu na kuviita ulinzi. Utupe ujasiri wa kurudisha, na subira ya kungoja. Uwaponye waliojeruhiwa na mikono yetu, kwa mwendo wao, si kwa mwendo wetu. Utufikishe pamoja, hata kama kwa njia tofauti. Kwa jina la Yesu Kristo tunaomba. Amina.