Uzamili wa Biashara ya Kimataifa: Bei Inategemea Nani Anasoma

Matangazo ya vyuo huandika ada kwa herufi kubwa, na msomaji naye huanzia hapo hapo: Dar shilingi ngapi, Nairobi ngapi, Uingereza ngapi. Kisha mtu anamwambia kwamba Ujerumani hakuna ada, na mjadala unaishia hapo. Lakini kwa shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa au ya uongozi wa mashirika, ada ndiyo tarakimu inayopotosha kuliko zote. Kozi ileile, chuo kilekile, huwa nafuu kwa kijana aliyemaliza B.Com mwaka jana na bado anatafuta kazi, halafu ikamfilisi dada yake mwenye miaka 33, watoto wawili na mkopo wa kiwanja.

Kwanza tutenganishe bidhaa zenyewe, maana sokoni zimechanganywa. MBA imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufanya kazi. AMBA, moja ya taasisi zinazoidhinisha programu hizo kimataifa, hudai mwanafunzi awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. MSc ya biashara ya kimataifa mara nyingi humpokea hata aliyevua joho jana. Uongozi wa mashirika ni jambo jingine kabisa: watu, miundo ya taasisi, namna ya kuibadilisha bila kuivunja. Anayefanya kazi katika idara ya rasilimali watu, hospitalini au kwenye shirika lisilo la kiserikali atafaidi. Wakala wa forodha anayepeleka mizigo Lubumbashi akisoma hiyo, atapata cheti kizuri na maswali yake ya kazini yatabaki palepale.

Sasa Ujerumani, kwa kuwa ndiko wengi wanakokimbilia kwa neno "bure". Ni kweli, vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Ila jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Mannheim, chuo chenye jina kubwa katika masomo ya biashara, kiko huko. MBA za watu walio kazini nazo hulipiwa karibu kila mahali.

Kinachombana Mtanzania au Mkenya ni akaunti iliyofungwa. Ili upate viza, unaweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, na ukishafika unaachiliwa euro 992 kila mwezi, hakuna zaidi. Ni fedha yako, hakuna anayeila, lakini lazima iwepo yote kwa mpigo kabla hujapanda ndege. Kwa viwango vya miaka ya karibuni hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Familia nyingi zinaweza kutafuta milioni moja kila mwezi kwa kujibana. Kuzipata thelathini siku moja ni habari nyingine, na hapo ndipo mikopo ya riba kali na viwanja vya kuuzwa kwa haraka vinapoingia.

Kuna vizuizi vingine ambavyo haviandikwi kwenye mabango ya mawakala. Programu nyingi za uzamili wa biashara huko huhesabu alama za masomo ya biashara ulizopata kwenye shahada ya kwanza: uhasibu, uchumi, takwimu, masoko. Mwenye B.Com hupita. Mhandisi anayetaka kuhamia biashara hurudishiwa maombi yake hata kama ana daraja la kwanza, na euro 75 za kupitishia maombi ya kwanza kwa uni-assist, taasisi inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo, hazirudi. Halafu kuna umri. Mwanafunzi aliyefikisha miaka 30 haingii kwenye bima ya afya ya umma ya bei ya wanafunzi; anatafuta ya binafsi au analipa zaidi. Kwa hiyo dada yetu wa miaka 33 anaanza safari akiwa na gharama ambayo mdogo wake hana.

Tumfanyie hesabu. Tuseme ni ofisa wa benki Dar es Salaam, anapokea shilingi milioni 1.8 kwa mwezi baada ya makato. Uzamili wa Ujerumani kwa kawaida ni miaka miwili. Akiacha kazi, mshahara atakaoupoteza peke yake ni milioni 43.2, kabla hajanunua mkate Berlin. Mdogo wake asiye na ajira hajapoteza senti. Tena sheria inamruhusu kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara huko tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Akimaliza anapewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Kwake, Ujerumani ni chaguo zuri kweli, mradi ajifunze Kijerumani kabla ya kuondoka. Darasa linaweza kuwa la Kiingereza; duka la vipuri ambako atapata kibarua halitakuwa hivyo, na kampuni itakayomwajiri baadaye pengine pia.

Uingereza inauza muda. Uzamili mwaka mmoja, basi. Ada ya MSc ya biashara ya kimataifa kwa mgeni mara nyingi iko kati ya pauni 18,000 na 35,000. Chukua chuo cha kati, nje ya London, cha pauni 22,000. Uthibitisho wa fedha za kujikimu ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani 10,539. Viza, kwa bei iliyowekwa Aprili 2025, ni 524. Tozo ya huduma ya afya ni 776 kwa mwaka, lakini kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi kadhaa, mwanafunzi hulipa mwaka na nusu: 1,164. Jumla ni pauni 34,227, zaidi ya shilingi milioni 100, bila nauli na bila ile miezi ya mwisho ambayo serikali haikuihesabu lakini mwenye nyumba ataihesabu. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi tena kuja na mume, mke wala watoto. Na viza ya kubaki baada ya masomo, ambayo wengi ndiyo wanayoinunua hasa, inapunguzwa kutoka miaka miwili hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027.

Kwa fedha yake mwenyewe au ya kukopa, nadhani ofisa wetu asiende. Najua kuna watakaobisha kwamba jina la chuo hufungua milango. Linafungua, ila tofauti kati ya London School of Economics na chuo cha mji mdogo ambacho mwajiri wa Dodoma hajawahi kukisikia ni kubwa kuliko tofauti kati ya hicho cha pili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani.

Nyumbani basi. Kwenye vyuo vya umma vya Tanzania, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe au Chuo Kikuu Huria, ada ya MBA nzima kwa kawaida huhesabiwa kwa mamilioni machache, si makumi ya mamilioni, na kipindi cha jioni kinamwacha mtu na mshahara wake. Hilo ndilo punguzo kubwa kuliko ufadhili mwingi wa nje. Gharama ya nyumbani hujificha kwingine: kwenye muda. Masomo ya darasani huisha kwa wakati, kisha tasnifu inakaa. Msimamizi amesafiri, data hazijakusanywa, kazini kuna ukaguzi, na kila mwaka wa ziada una ada yake ya kuendelea kusajiliwa. Kabla ya kujiandikisha, tafuta waliosoma hapo miaka mitatu iliyopita uwaulize ni wangapi wa darasa lao wamekwisha vaa joho. Jibu lao lina thamani kuliko kitabu kizima cha mwongozo. Uliza pia kama programu ina njia ya mradi wa kazini badala ya tasnifu.

Nairobi ni ghali zaidi. MBA ya Strathmore imevuka shilingi milioni moja za Kenya. USIU-Africa hutoza kwa kila uniti ya somo, jambo linalomruhusu mtu kupunguza mwendo fedha zikikata. Ina uzamili mahsusi wa uongozi na maendeleo ya mashirika, na ithibati yake ni ya Kenya na ya Marekani pia. Kwa Mtanzania, ongeza pango la Nairobi, na uliza mapema kama utatozwa ada ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki au ya mgeni.

Wale wa biashara ya mipakani watazame Arusha, mji unaosahaulika katika mazungumzo haya. ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi, iko huko tangu 1980, mali ya serikali kumi za mashariki na kusini mwa Afrika. Pembeni yake kuna Trapca, kituo cha mafunzo ya sera za biashara kilichoanzishwa 2006 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, chenye shahada za sera na sheria za biashara ya kimataifa. Mtu anayeshinda akibishana kuhusu cheti cha uasili wa bidhaa pale Namanga au Tunduma atapata huko darasa linalozungumza lugha ya kazi yake. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza kufanya biashara rasmi Januari 2021, na wanaojua kuzisoma kanuni zake bado ni wachache.

Masomo ya mtandaoni sitayakalia sana. Boston University ilipoanzisha MBA yake ya mtandaoni mwaka 2020 ilitangaza bei ya dola 24,000, nafuu kwa Marekani, si nafuu kwa Kariakoo. Kabla ya kulipa chuo chochote cha nje, cha mtandaoni au cha kukaa darasani, pitia kwanza TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, au CUE, ile ya Kenya, ujue kama cheti kitatambuliwa. Mtumishi wa umma ndiye hasa wa kujihadhari, kwa sababu cheti kisichotambuliwa hakimpandishi daraja.

Ufadhili unaweza kupindua hesabu zote hizi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipa karibu kila gharama ya kusoma huko, kwa mwenye uzoefu wa miaka miwili na aliye tayari kurudi nyumbani kwa miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina programu ya kozi za maendeleo inayodai pia uzoefu wa miaka miwili, na shahada ya kwanza isizidi miaka sita. Hapo mambo yanageuka: ofisa wa benki ana sifa ya kuomba Chevening, na DAAD pia kama shahada yake haijazidi miaka hiyo sita; mdogo wake hana bado. Chevening kwa kawaida hufungua dirisha Agosti na kulifunga mapema Oktoba, kwa masomo ya Septemba inayofuata. Anayeanza kuulizia Januari amekwisha kuukosa mwaka huo.