Hataza za Mafaili: Programu ya Bure, Gharama Iliyojificha

KIGALI – Mfanyabiashara wa Kabeza, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, anapoagiza memori kadi au vifaa vya kuwaonyesha madereva njia, hupiga hesabu ya bei ya kiwandani, nauli na ushuru. Ndani ya bei hiyo ya kiwandani inaweza kuwamo gharama asiyoiona: ada ya hataza.

Hataza ni haki ya kipekee ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20. Nchini Marekani, Microsoft ilikuwa na hataza juu ya namna mfumo wa FAT unavyohifadhi majina marefu ya mafaili. FAT ndio uliowezesha kadi moja kusomeka kwenye kompyuta, kamera na simu.

Desemba 2003 Microsoft ilitangaza ada ya senti 25 za dola kwa kila kifaa, isiyozidi dola 250,000 kwa kila kiwanda. Kwa vifaa 10,000, hiyo ni dola 2,500. Mlipaji ni kiwanda, lakini mzigo huishia kwa mnunuzi.

Kwa programu huria ya Linux tatizo halikuwa bei tu. Leseni yake, GPL, inataka kila anayeipokea awe huru kuinakili na kuigawa bila ada. Kiwanda kinachokubali masharti yanayovunja uhuru huo hupoteza ruhusa ya kuisambaza Linux yenyewe.

Februari 2009 Microsoft iliishtaki TomTom ya Uholanzi, ambayo vifaa vyake vya kuonyesha njia vilitumia Linux. Machi mwaka huo walipatana nje ya mahakama: TomTom ililipa, na ikaahidi kuondoa sehemu zilizohusu hataza za FAT ndani ya miaka miwili.

Muda wa hataza hizo umekwisha. Kadi zinazozidi GB 32 hutumia mfumo mwingine, exFAT. Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake na kuunga mkono uingizwe kwenye Linux, ukaingia katika toleo la 5.4 mwaka huohuo.

Hataza iliyosajiliwa Marekani pekee haina nguvu Rwanda. Hata hivyo, kiwanda kinachouza dunia nzima hakitengi bei ya Kigali peke yake. Anayeagiza shehena ya vifaa vya elektroniki anashauriwa kuhakikisha mkataba unaeleza nani atabeba madai ya hataza, kabla ya kutuma fedha.